Nimelipia tiba ya hofu ya boti pamoja na kung'ata kucha, rivyu bila chenga

Wadau habari zenu. Hii ni ndefu kidogo kwa hiyo mwenye haraka nampa jibu kabisa aondoke nalo: ile programu ya siku 21 ya kwenye simu usitoe hela yako, kliniki nenda, ila nenda ukijua kwamba watakutoa kitini wakupeleke kwenye kitu chenyewe unachokiogopa na hiyo ndo kazi uliyoilipia. Mwenye muda akae tuongee.

Shida zangu mbili. Ya kwanza naogopa boti. Bahari yenyewe sina neno nayo, ufukweni Coco naenda naoga vizuri tu, tatizo ni chombo kikishaanza kuyumba, hapo mikono inalowa jasho, moyo unakimbia na kichwani naona kabisa tunavyopinduka. Ningeweza kuishi hivyo maisha yangu yote ila kazini wakafungua tawi Unguja na mimi ndo nikapewa kulisimamia, ofisi inalipa nauli ya boti, mimi nikawa napanda kandege kale kadogo halafu tofauti natoa mfukoni. Fanya hesabu mwenyewe mwezi ukiisha nabaki na nini. Ya pili kucha. Nang'ata tangu shule ya msingi, mama alishanipaka pilipili, alishanipaka shubiri, nikaizoea shubiri nikaendelea.

Nianze na programu maana ndo niliianza. Jina siitaji, zinafanana sana hizi, ukikutana nayo utaijua. Unalipa elfu thelathini kwa simu, unaingizwa kwenye grupu, kila asubuhi jamaa mwenye sauti nzito anatuma voisi anakwambia wewe ni simba, wewe ni mshindi, hofu ni uongo, halafu unaandika kwenye daftari mara kumi "siogopi tena". Jioni unatuma tiki ya kijani. Ukiruka siku moja unarudishwa siku ya kwanza, na wenzako kwenye grupu wanaona umerudishwa. Sasa mimi sina ugomvi na mtu kuambiwa yeye ni simba asubuhi, ina raha yake kwenye daladala, lakini siku zote hizo 21 hakuna hata siku moja unayoambiwa sogea karibu na boti. Hakuna! Unaandika tu. Nimemaliza, nimepewa cheti cha PDF, nikaenda bandarini kumpokea mgeni nikaona boti inafunga gati, hofu ileile.

Na hiyo namba 21 nikaanza kuifuatilia imetoka wapi maana kila mtu anaitaja kama aya. Kuna daktari wa Marekani wa upasuaji wa kurekebisha sura, Maxwell Maltz, kwenye kitabu chake cha mwaka 1960 aliandika kwamba wagonjwa wake walikuwa wanachukua kama siku 21 hivi, kwa uchache, kuizoea sura mpya kwenye kioo. Basi, ndo hiyo. Daktari anaangalia wagonjwa wake wanazoea pua mpya, watu wakaidaka ile namba, "kwa uchache" wakaiacha hukohuko, wakaanza kuuzia watu kuacha sigara. Waliokuja kupima kweli ni Phillippa Lally na wenzake wa University College London, kazi yao ilichapwa 2010. Walichukua watu 96, kila mtu akachagua kakitu kadogo ka kufanya kila siku, mwingine kula tunda mchana, mwingine kunywa maji, mwingine kukimbia kabla ya chakula cha jioni, wakafuatiliwa wiki 12. Namba ya katikati ikaja siku 66 ndo kitu kinaanza kujifanya chenyewe bila kusukumana, lakini mmoja ilimchukua siku 18 tu na wa mwisho hesabu ilionyesha angefika siku 254. Kunywa maji rahisi, mazoezi kazi. Halafu kilichonichekesha zaidi, waliona kwamba ukiruka siku moja haiharibu kitu cha maana, unaendelea ulipoishia. Yaani ile adhabu ya kurudishwa mwanzo mbele za watu, ambayo ndo programu inajisifia nayo, ndo kitu kinachowakimbiza watu. Kwenye grupu letu wengi walipotea baada ya kurudishwa mara ya pili, hawakuonekana tena, na hela haikurudi.

Sasa kliniki. Nayo siitaji, ni ndogo, iko huku Dar, mwanasaikolojia mwenyewe kaniomba nisimtangaze kwa sababu foleni aliyonayo inamtosha. Ni mmama wa makamo, mimi namwita Dada, yeye ananiita mdogo wangu. Siku ya kwanza nilikuwa nimejiandaa kuhadithia utoto wangu, marehemu babu, ndoto, kila kitu. Akanisikiliza kidogo akanikata kwa upole.

"Mdogo wangu, ukipanda boti unadhani kitatokea nini? Niambie kitu ambacho mtu mwingine akiwepo anaweza kukiona."

Nikasema itapinduka. Akauliza uhakika asilimia ngapi, nikasema sabini. Kingine? Nitapiga kelele mpaka watu wanishike. Hamsini. Kingine? Moyo utasimama. Akaandika vyote na asilimia zake. Halafu akauliza swali ambalo sikulitegemea, kwamba huwa unafanya nini ili usiogope, na hapo nikatoa orodha bila aibu: nakaa mlangoni, naweka laifu jaketi mapajani, nameza kidonge cha kichefuchefu hata bahari ikiwa shwari kwa sababu kinanilaza, nampigia mdogo wangu wa kike simu tuongee mpaka mtandao ukatike, na nasoma dua. Dua akaiacha, akasema hiyo ni ibada yako huitegemei kama mkongojo. Vingine vyote akavizungushia duara akasema hivi vitaondoka kimoja kimoja, maana kila ukifika salama akili yako inavipa sifa hivyo vitu, inasema nimepona kwa sababu ya kidonge, kwa sababu nilikaa mlangoni, boti yenyewe haipewi nafasi ya kujisafisha jina.

Nikamwambia lakini Dada, boti zinazama kweli. Na hapa ndo alinipata, maana nilitegemea ataniambia usiwaze hayo. Sisi sio watu wa kuambiwa hofu yako ya maji ni ya kufikirika tu. MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011 njia ya Pemba, mwaka uliofuata Skagit hapo karibu na Chumbe, MV Nyerere 2018 kule Ukara, kila mtu ana mtu au anamjua mwenye mtu. Hakubisha hata moja. Akasema hebu tutenganishe, tahadhari tubaki nayo: chombo kikijaa kupita kiasi hupandi hata kama tiketi umelipa, TMA, wale wa hali ya hewa, wakitangaza upepo mkali hatuendi, mimi na wewe wote, na ukipanda unajua laifu jaketi iko wapi. Hiyo ni akili. Kuishika mapajani masaa mawili huku umefumba macho, hiyo ndo tunakuja kuiondoa. Kwa kweli kama angenipiga lile somo la "ajali ni chache sana kitakwimu" ningeondoka siku ileile.

Hii njia hakuibuni yeye, ina zaidi ya miaka mia. Mwaka 1920 huko Marekani John Watson na Rosalie Rayner walimtia hofu mtoto mchanga kwa makusudi, kila akigusa panya mweupe wanagonga chuma nyuma yake, mpaka akawa analia akimwona panya tu, siku hizi ungepelekwa polisi. Miaka minne baadaye mwanamke anaitwa Mary Cover Jones akafanya kinyume chake: alikuwa na mtoto wa karibu miaka mitatu, Peter, anayeogopa sungura, akawa anampa chakula anachokipenda huku sungura yuko kwenye tundu mbali, kesho anasogezwa kidogo, keshokutwa kidogo tena, na kuna wakati wanaletwa watoto wengine wasioogopa wacheze na sungura Peter anaangalia, mwishoni Peter anamwacha sungura amnusenuse vidole. Halafu kuna jirani yetu huku kusini, Joseph Wolpe wa Johannesburg, alikuwa daktari jeshini wakati wa vita kuu ya pili anahudumia askari walioharibiwa na vita, akaona dawa hazifui dafu, baadaye akaenda kufanya majaribio na paka Chuo Kikuu cha Witwatersrand, kitabu chake kikatoka 1958. Yule ndo aliyetuletea ngazi ya hofu na kile kipimo cha sifuri mpaka mia ambacho Dada anakitumia mpaka leo, anakuuliza "sasa hivi ngapi?" kila baada ya muda. Wolpe alikuwa anawalegeza watu misuli kwanza halafu wanafikiria kitu wamefumba macho, baadaye ikaonekana kulegeza sio lazima sana, kinachofanya kazi ni kukutana na kitu chenyewe. Nayapenda sana haya ya nyuma kwa sababu unaona hela yako inakwenda kwenye kitu kilichopigwa msasa na watu wengi, haiendi kwenye sauti nzito ya mtu mmoja.

Ngazi yangu ilikuwa hivi kwa ufupi: video za boti zinazoyumba, kukaa Feri pale sokoni kwenye samaki unaangalia pantoni zinavyoingia na kutoka, kupanda pantoni kwenda Kigamboni, kuvuka umesimama pembeni kwenye vyuma unaangalia maji, kuvuka peke yako, boti ya Unguja bahari shwari, halafu ya mwisho kabisa boti wakati wa kusi, ule upepo wa kusini unaochafua bahari. Video nilizidharau, nikasema mimi mtu mzima unanionyesha video, nikaanza kuziangalia nikafika sitini nimekaa ofisini kwenye kiti cha plastiki na feni juu.

Pantoni ndo palipo na utamu. Ukiwa Dar pantoni ni nauli ya mia mbili na dakika chache, watu wanavuka na kuku, na baiskeli, na magunia, mtoto wa shule anakula mihogo, hakuna anayekuangalia. Dada alitangulia. Alipanda, akaenda mpaka kwenye vyuma akashika, akageuka akaniangalia. Mimi nafuata. Mara ya kwanza kanishika mkono, safari ya kurudi kasimama pembeni bila kunishika, baadaye kakaa upande mwingine wa chombo, mwisho kabaki Magogoni, upande wa mjini, ananunua karanga mimi naenda mwenyewe. Nikaja kusoma kumbe hii nayo ina wenyewe, Albert Bandura na wenzake mwaka 1969 waliwachukua watu wanaoogopa nyoka, wengine wakaonyeshwa filamu, wengine wakafanyiwa ile ya Wolpe ya kufikiria, na wengine wakapata mtu anayemshika nyoka mbele yao halafu anawasaidia kushika hatua kwa hatua. Hao wa mwisho ndo waliofanya vizuri kuliko wote. Kwa hiyo ukiona mtaalamu wako anakutuma ukapande mwenyewe tangu siku ya kwanza halafu umletee ripoti, muulize kwa nini yeye haendi.

Kuna kitu kilinikera mwanzoni halafu nikakielewa. Nilikuwa nataka kuvuta pumzi kwa kuhesabu, ile ya nne ndani nne nje, kila mtu anaijua. Akanikataza. "Acha moyo upige, mdogo wangu, tunataka kuona utafanya nini." Nimesimama katikati ya maji, chombo kinatetemeka, kuna lori la mchanga nyuma yangu, moyo unapiga kweli nimefika themanini, na huyu mama ananiambia acha upige. Tukafika Kigamboni. Akatoa ile karatasi. Ulisema nini kitatokea? Itapinduka, sabini. Nini kimetokea? Haikupinduka. Ulisema utapiga kelele? Sikupiga. Moyo umesimama? Haujasimama. Umejifunza nini? Nikasema nimejifunza kwamba hofu inaweza kufika themanini na bado nikanunua muhogo. Akacheka akaandika hivyohivyo.

Akanieleza kwamba zamani wataalamu waliamini lazima ukae kwenye hofu mpaka ishuke ndo umepona, ikishindwa kushuka sesheni imeharibika. Siku hizi kuna mtazamo mwingine, mmoja wa wanaouongoza ni Michelle Craske wa chuo kikuu cha UCLA huko Marekani, waliandika vizuri mwaka 2014, kwamba kushuka kwa hofu palepale sio kipimo kizuri, kinachofundisha ni ile tofauti kati ya ulichobashiri na kilichotokea. Tofauti ikiwa kubwa ndo akili inashtuka na kuandika upya. Ndo maana anaandika asilimia kabla. Ndo maana kidonge kinaondoka, kwa sababu ukiwa umelala hakuna ulichobashiri hakuna ulichokiona.

Na tena haifuti ya zamani. Hili programu hawatakuambia kamwe maana haliuziki. Kumbukumbu ya hofu inabaki, unachojenga ni nyingine pembeni yake inayoshindana nayo, kama njia ya zamani ya shambani, majani yameota ila ukiitafuta unaipata. Mark Bouton amefanya majaribio mengi kwenye maabara kuonyesha hofu inavyorudi ukibadilisha mazingira tu, umezoea hapa, ukipelekwa pale inaamka upya. Kwa hiyo Dada hakuniacha nivuke asubuhi tu na yeye tu. Tulivuka jioni watu wamebanana, tulivuka mvua inanyesha, nilivuka na mzigo, nilivuka nimeshatoka kugombana na mtu kazini. Wakati ule nilidhani anavuta muda apate hela. Ukisoma hayo ya Bouton unaona kwa nini.

Boti ya Unguja nimepanda. Shwari ilikuwa rahisi kuliko pantoni ya mvua, sitanii, nilikaa katikati mbali na mlango nikaangalia filamu wanayoweka. Kusi ndo habari nyingine, watu wanatapika kwenye vimfuko, watoto wanalia, ikija ile mikunjo ya katikati ya mkondo tumbo linabaki juu wewe unashuka, nilikuwa sitini na kitu njia nzima. Nilifika. Nikaenda kazini nikafungua kikao. Hofu ipo, inanisalimia, ila nauli ya ndege sitoi tena.

Nilimuuliza kama haya yote hayawezi kufanywa siku moja maana nilikuwa nimesikia mahali. Akasema inawezekana kwa hofu za kitu kimoja, mtaalamu wa Sweden Lars-Göran Öst mwaka 1989 alitoa matokeo ya watu 20 waliotibiwa kwa kikao kimoja kisichozidi masaa matatu, na alipowafuatilia miaka kama minne baadaye asilimia 90 walikuwa wamepona au wana nafuu kubwa. Buibui, sindano, vitu vya namna hiyo. Ila boti ya Unguja kwenda na kurudi peke yake imekula hayo masaa, na kusi hauwezi kuiagiza ije Januari. Kwa hiyo ukiona tangazo la kuondoa hofu kwa kikao kimoja usilikimbie moja kwa moja, uliza tu hicho kikao kina urefu gani na buibui atakuwepo.

Nikampeleka na binamu yangu, huyu yeye akiona sindano anaanguka chini, anazimia kabisa, kipimo cha malaria tu amezimia. Kwake Dada akafanya tofauti kabisa. Kumbe hofu ya damu na sindano ina tabia yake, nyingine zote presha inapanda, hii inapanda halafu inaporomoka ghafla ndo mtu anaanguka, kwa hiyo ukimwambia alegeze mwili avute pumzi unamsaidia kuanguka. Anafundishwa kukaza misuli ya mikono, kifua na miguu sekunde kama kumi mpaka kumi na tano mpaka asikie joto linapanda usoni, anaachia kidogo bila kulegea kabisa, anapumzika nusu dakika, anarudia. Ya huyohuyo Öst na mwenzake Sterner, 1987. Binamu ametoa damu ya kipimo amekaa, ngumi imekunjwa mkono wa pili uso umeiva, nesi anamuuliza kaka unaumwa wapi. Hata kama huendi kliniki yoyote hili moja lichukue.

Kucha sasa, nitaenda haraka. Njia inaitwa kugeuza tabia, Nathan Azrin na Robert Nunn ndo waliianzisha 1973. Wiki ya kwanza huachi kitu, unang'ata kama kawaida ila unaandika kila mara mkono unapoanza kupanda, uko wapi na unafanya nini. Mimi nikagundua sing'ati nikiwa na wasiwasi kama nilivyokuwa nawaambia watu, nang'ata nikisoma imeili ndefu na nikiwa kwenye foleni ya mwendokasi. Na kabla ya kung'ata kuna dole gumba linasugua ncha ya kucha linatafuta palipokwaruza. Hapo ndo pa kukamata. Pilipili ya mama ilikuwa inaningoja mdomoni, wakati huo mkono ushafika. Baada ya hapo unapewa kitendo cha kushindana nacho, kitu ambacho mikono ikikifanya haiwezi kung'ata na mtu akikuona hashangai, mimi nakunja ngumi taratibu au nashika mkanda wa mkoba, unakaa hivyo dakika moja hivi. Na mtu wa nyumbani anapewa kazi ya kukukumbusha kwa upole na kukusifia, mume wangu ile ya kusifia ilimshinda wiki nzima.

Akaniongezea kasentensi ka "ikiwa hivi, basi nitafanya vile". Ikiwa nimefungua imeili na dole gumba limegusa kucha, basi nashika kalamu. Kanaonekana ka kitoto, ila Peter Gollwitzer wa Ujerumani na mwenzake Paschal Sheeran mwaka 2006 walikusanya majaribio 94 wakaona mtu mwenye mpango wa namna hiyo anafanikisha kuliko mwenye nia tu, na tofauti sio ndogo. Inaingia akilini ukijua kwamba Wendy Wood na wenzake waliwafuatilia wanafunzi siku nzima wakakuta asilimia 43 ya wanayoyafanya ni mazoea, yaleyale, palepale, huku wakiwaza kingine. Huwezi kushinda kitu unachokifanya bila kukiwaza kwa kuandika "mimi ni mshindi" asubuhi. Vidole vyangu tisa vina kucha za kupaka rangi, dole gumba la kushoto bado tunajadiliana.

Malalamiko, maana rivyu ya sifa tupu haiaminiki. Bei kali. Sesheni ya ofisini ni bei ya nguo nzuri, na ya nje inahesabiwa mbili kwa sababu ya muda, bima yangu ikagoma kulipa hata shilingi. Ofisini ni dakika hamsini kamili, uko katikati ya sentensi anaangalia saa. Fomu za kujaza zote Kiingereza, mama yangu asingeweza, na kwa kliniki inayotibu Waswahili hilo nililisema pale na nalisema hapa. Halafu risepsheni! Dada wa mapokezi anaita kwa sauti ukumbi mzima unasikia, "wa hofu ya boti aingie", watu wote wakageuka kuniangalia. Nililalamika, siku iliyofuata akaita "wa kucha aingie". Homuweki nazo ni nyingi na hazina huruma, usipofanya anakurudisha nyumbani bila kukutukana ila na hela amekula.

Nyota nne kwa kliniki, tano ningetoa kama sio mapokezi na fomu. Programu moja na nusu, hiyo nusu ya ile tiki ya kijani.

Ukitaka kwenda kwa mtaalamu mwingine yeyote wa hofu piga simu kabla, uliza tutatoka nje lini na wewe utakuja? Akianza kuzunguka, akikwambia tutaongea kwanza tuone, muulize tutaongea mpaka lini. Ukifika kwa huyu wangu weka apointimenti katikati ya wiki, Jumamosi pantoni inakuwa na watu wa kwenda kupiga picha Kigamboni, wamevaa nyeupe wote, na Dada anasema hiyo nayo ni ngazi ila atakuchaji kama ya nje. Vaa viatu vya chini na usisahau nauli ya pantoni.